Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Duka la Nyuzi, Ukili na Kofia, Langoni, Lamu

Haya ni maswali yanayorudiwa mbele ya kaunta, barazani na kwenye simu baada ya isha. Majibu ni ya duka hili tu. Fundi wa mtaa wa pili anaweza kukwambia vingine, na huenda naye ana haki yake.

## Kabla hujaja

Duka liko wapi, na nitalijuaje?

Langoni, ndani ya Mji wa Kale. Ukiwa Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya Ngome, shika Usita wa Mui kuelekea kusini. Ukiona baraza ambayo watu wameinamia vitambaa vyeupe na hakuna anayecheza bao, umefika. Gari halifiki. Mzigo mzito utabebwa na hamali au punda, na nauli yake mnapatana wenyewe.

Mnafungua saa ngapi?

Asubuhi saa mbili na nusu hadi adhuhuri, kisha baada ya alasiri hadi magharibi. Ijumaa ni asubuhi tu. Ramadhani tunahamia usiku, baada ya tarawehe. Siku za Maulidi, Mfungo Sita, tunafungua tukipata nafasi, na kwa kawaida nafasi haipatikani.

Mnauza nini hasa?

Nyuzi za pamba na akriliki, sindano za krosheti na za sweta, uzi wa kudarizi, kitambaa cheupe cha kofia, ukili uliokwisha kusukwa, miyaa mikavu kwa anayetaka kusuka mwenyewe, rangi ya miyaa, katani, kamba za usumba, na sufi ya mito ikipatikana. Kazi zilizokamilika pia zipo: kofia, mikeka, misala, vipepeo, kawa, vitambaa vya meza. Kanga hatuuzi. Maduka ya kanga yametuzunguka pande zote, na hatutaki ugomvi na majirani.

Nikija kukaa tu bila kununua, itakuwaje?

Utasogezewa mkeka. Wengi utakaowakuta wamekuja kuuliza, kulinganisha kazi, kungoja boti, au kusikia nani ameposwa. Tunaomba mambo mawili: nawa mikono kabla ya kushika kitambaa cheupe, na kahawa yako iishie barazani. Tone moja likiangukia kofia iliyofika katikati, ni wiki kadhaa za mtu zimekwenda.

## Nyuzi na sindano

Naanza leo. Ninunue uzi gani?

Pamba ya unene wa kati, rangi nyepesi, na sindano ya krosheti ya 4 mm. Usichukue nyeusi, maana vitanzi havionekani na utakuwa unafuma kwa kubahatisha. Wengi wanaokuja mara ya kwanza huomba uzi ule mwembamba kabisa, kwa sababu wamekulia nyumba yenye kitambaa cha meza alichofuma bibi. Kazi ile hufumwa kwa sindano ya chuma ya milimita 1 hivi, na asiyezoea hukata tamaa kabla ya duara la tatu. Anza na kitambaa cha jikoni. Kikienda upande kitafuta vyombo vilevile.

Karatasi ya uzi imepotea. Nitajuaje kama ni pamba au akriliki?

Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani, ukiwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Sufu ya kondoo hunuka nywele zilizoungua. Jambo hili lina faida: kitambaa cha akriliki kikipigwa pasi ya moto kinalala moja kwa moja na hakirudi tena.

Kwa nini mnasisitiza ninunue madonge yote kwa mara moja?

Kwa sababu ya namba ya rangi iliyo kwenye karatasi ya donge. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu la leo halifanani sawasawa na la mwezi ujao hata jina la rangi likiwa lilelile. Ndani ya duka hutaona tofauti. Ukishamaliza shali na kulitoa juani, mstari unaonekana toka ng'ambo ya barabara. Chukua donge moja la ziada. Likibaki na karatasi yake, tunalirudisha.

Donge lenu la pamba la gramu 100 ni dogo kuliko la akriliki la gramu 100. Mizani yenu ni mbovu?

Mizani ni mizima. Pamba ni nzito, kwa hiyo kwa uzani uleule unapata urefu mdogo. Usinunue kwa gramu, nunua kwa mita. Urefu umeandikwa kwenye karatasi, chini ya uzani. Ukibadilisha uzi na ulioandikwa kwenye kielelezo, fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, uhesabu vitanzi. Hakuna anayependa kufanya hivyo, na kila asiyefanya hurudi na blauzi inayomtosha mwanawe.

Sindano zangu zimeshika kutu.

Hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Baada ya kazi, zipanguse zikauke, zipake tone la mafuta ya cherehani, uzifunge kwenye kitambaa pamoja na kipande cha chaki. Kabla ya kuanza tena zifute vizuri. Sindano iliyoshika kutu usiitie kwenye uzi mweupe kabisa, kwani doa la kutu halitoki kwa sabuni. Asiyetaka kazi hii yote anunue ya alumini au ya mwanzi.

Mna sufu ya kondoo?

Kidogo, na kwa kuagiza, hasa kwa walio na wajukuu Nairobi. Kwa mtoto mchanga wa hapa tunashauri pamba. Tunajua picha za vikofia vya sufu na soksi zake zinapendeza, lakini mtoto wa Lamu wakati wa kaskazi anatoka vipele hata akiwa na nepi peke yake.

Pamba hii ni ya hapahapa Lamu?

Pamba inalimwa katika kaunti yetu, upande wa bara: Mpeketoni, Hindi, Witu. Lakini uzi tunaouza umesokotwa viwandani mbali, nasi tunaupokea kutoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, halafu boti. Inatuudhi zaidi tukikumbuka kwamba majirani zetu wa kisiwa cha Pate waliwahi kusifika kwa vitambaa vya hariri hadi Wareno wakaviandika kwenye taarifa zao. Siku atakapotokea mtu wa kusokota pamba ya Mpeketoni ikawa uzi wa kufumia, rafu ya mbele ni yake.

## Ukili, katani na usumba

Tofauti yake ni nini? Vyote si majani?

Ukili ni utepe uliosukwa kwa miyaa ya mkoma au kwa ukindu. Tepe hizo zikishonwa ubavu kwa ubavu unapata mkeka, zikizungushwa unapata kikapu. Katani hutoka kwenye majani ya mkonge, kama ule unaouona mashambani ukipita Vipingo, na ndiyo nyuzi za viondo vya bara. Usumba ni nyuzi za makumbi ya nazi: makumbi hufukiwa pwani miezi kadhaa mpaka yalainike, hupondwa, kisha husokotwa kamba. Kamba za namna hiyo ndizo zilizoshona mbao za mitepe, vyombo vya visiwa hivi ambavyo havikupigwa msumari.

Kwa matumizi ya nyumbani: ukili kwa kinachokaliwa na kubebwa, katani kwa kinachobeba uzito, usumba kwa kinachoingia majini.

Miyaa yangu inakatika ninaposuka.

Ni mikavu mno. Inyunyizie maji, ifunge kwenye kitambaa kibichi, uiache usiku mmoja. Usiiloweke kwenye ndoo, itavimba, na ukili ukikauka utalegea. Wakati wa kaskazi suka asubuhi mapema, kwa sababu mchana ule upepo unakausha jani likiwa bado mkononi. Mafundi wa Kipungani na Matondoni wanaotuletea ukili hawana haja ya kuambiwa haya. Tunayaandika kwa ajili ya wasukaji wa ghorofani.

Mkeka umeota ukungu.

Utoe juani asubuhi hadi adhuhuri, upige brashi kavu, uugeuze. Usiuoshe kwanza. Ukungu huja wakati wa masika, hasa kwa mikeka inayokunjwa na kusukumwa chini ya kitanda. Ukunje kwa kuuviringisha, uusimamishe ukutani. Mkeka wa rangi usikae juani siku nzima: zambarau ndiyo ya kwanza kukimbia.

Rangi ya ukili inachuja kwenye kanzu yangu.

Miyaa haikuchemka ya kutosha, au haikusuuzwa. Fundi mzuri huchemsha rangi na chumvi, hutia miyaa, kisha husuuza mpaka maji yawe meupe, kabla ya kusuka. Ukinunua kwetu ikachuja, turudishie. Ukinunua njiani, fanya jaribio: sugua kwa leso iliyoloa maji kabla ya kutoa pesa.

Ukili unapimwaje?

Wazee hupima kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Sisi tunatumia utepe wa mita, kwa sababu pima ya muuzaji na pima ya mnunuzi hazijawahi kulingana.

## Kofia za viua

Kwa nini kofia moja ina bei ya mikeka miwili, mitatu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa hasira, basi tutalijibu kwa kirefu.

Kofia ni vipande viwili: duara la juu na ukuta wa pembeni. Kila kipande ni kitambaa cha pamba cha tabaka mbili. Kwanza mchoro huchorwa kwa penseli, na mchoraji mara nyingi si mshonaji. Halafu mistari hushonwa kwa mkono, mshono mdogo baada ya mshono mdogo. Halafu viua, yaani vile vitobo, hutobolewa kimoja kimoja, na kila kimoja huzungushiwa uzi ukingoni kisifumuke. Hesabu viua vya mstari mmoja tu, uzidishe mwenyewe. Mwisho vipande huunganishwa, kofia hufuliwa, hutiwa wanga na kuwekwa kwenye umbo lake.

Kazi hiyo ni ya wiki kadhaa, na kwa mchoro mzito ni miezi. Haifanyiki usiku kwa taa hafifu, na fundi akifikisha umri macho humpunguzia saa za kazi. Kofia moja inaweza kupita kwa watu wanne wa nyumba tatu, na kila mmoja ana haki yake katika bei ile. Kitambaa na uzi ni sehemu ndogo kabisa ya unacholipa.

Basi punguzeni kidogo.

Uzi tunapunguza, mkono hatupunguzi. Bei ya kofia ameweka fundi mwenyewe, nasi tunaongeza fungu la duka, ambalo ukiuliza tunakwambia ni kiasi gani. Ukipunguziwa elfu, elfu hiyo inatoka kwa mtu aliyeketi pale barazani anakusikia. Kama pesa haitoshi, zipo kofia za mchoro mwepesi, na zipo za cherehani. Hakuna aibu. Kichwa kinafunikwa vilevile.

Nitajuaje kama imeshonwa kwa mkono?

Igeuze ndani. Cherehani huenda na uzi wa juu na wa chini, na mishono hulingana kama imepigwa rula. Mkono huacha vifundo vidogo mahali uzi ulipoishia, na mishono ina tofauti ndogondogo. Kisha tazama viua: vya mkono vimezungushiwa uzi kwa kubana na havina nyuzinyuzi zinazochungulia. Muuzaji akikataa usiigeuze, rudisha na uende zako.

Nataka ya Idi. Niagize lini?

Idi ikipita, agiza ya Idi ijayo. Hatufanyi mzaha. Ukija mwezi wa Ramadhani utapata zilizopo kwenye kabati, kwa saizi zilizobaki. Maulidi ya Lamu nayo huleta wageni kutoka pande zote za mwambao, na kabati husafishwa wiki ya kwanza. Kwa harusi, mwambie bwana harusi aje apimwe siku posa inapokubaliwa.

Nipime kichwa vipi nikiwa mbali?

Zungusha utepe juu ya masikio na katikati ya paji la uso, usikaze. Wanaume wengi wazima wako kati ya sentimita 54 na 60. Tutumie kipimo chenyewe. Usitwambie "kichwa cha kawaida", maana kila mtu anaamini kichwa chake ndicho cha kawaida. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua kubwa: pamba mpya hurudi kidogo ikifuliwa.

Naifuaje bila kuiharibu?

Maji baridi au vuguvugu, sabuni laini, na vidole. Brashi hapana, dawa ya kung'arisha hapana, kwa sababu inakula uzi wa viua kabla ya kitambaa. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, la sivyo kofia hukakamaa vibaya na kuwa ya manjano. Kisha ichovye kwenye wanga mwepesi, ivalishe bakuli lenye duara la kichwa chako, ikauke kivulini. Pasi hupigwa ikiwa bado na unyevu kidogo.

Naweza kuleta mchoro wangu mwenyewe?

Ndiyo, ukubali fundi aubadilishe. Mchoro wa viua lazima ujirudie sawasawa na ukutane mwisho wa ukuta wa kofia, na si kila pambo linakubali. Nembo za timu za mpira tumeletewa maombi mengi, na mafundi wetu hawazitaki. Aya za Qur'ani hatuandiki kwenye kofia: itawekwa chini, itafuliwa, itakaliwa na mtoto.

Hii ni kazi ya wanaume au ya wanawake?

Ya wote. Wanaume wanashonea barazani ndiyo maana wageni huwaona wao tu. Wanawake wengi wanashona ndani, na baadhi ya kofia nzuri kabisa tulizo nazo hazina mwanamume aliyezigusa mpaka siku ya kuvaliwa.

## Mikutano ya alasiri

Mafunzo ni siku gani, na ni ya nani?

Jumatatu na Jumatano baada ya alasiri ni wanawake, ndani. Jumamosi asubuhi ni watoto, wavulana na wasichana, kabla hawajaenda kuogelea. Barazani hakuna ratiba: keti karibu na fundi, tazama, na akikupa kitambaa anza. Mafunzo hayana ada, ila unanunua uzi wako mwenyewe au unachukua kwenye kikapu cha mabaki.

Kikapu cha mabaki ni nini?

Kila mwenye uzi uliobaki huutia humo, kila anayehitaji kidogo huchukua. Hakuna anayehesabu. Kuna mtu mmoja huchukua nyekundu zote na tunamjua, tumemwachia.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nitafundishwaje?

Keti ukitazamana na mwalimu, usiketi ubavuni mwake. Utaona mkono wake kama kwenye kioo na utaiga bila kugeuza chochote kichwani. Duara lako litazunguka upande wa pili, na kazi itakuwa sawa.

Naweza kupiga picha?

Kazi, ndiyo. Mtu, muulize, na usimwulize kwa kumwelekezea simu tayari. Ndani siku za wanawake simu hukaa mkobani. Ukimpiga fundi picha kwa ridhaa yake halafu ukaitumia kuuza kitu, mwambie na mgawane.

## Malipo na mizigo

Mnapokea nini? Mnakopesha?

Pesa taslimu na M-Pesa. Mikopo ipo kwa wasukaji na washonaji tunaofanya nao kazi: wanachukua uzi, tunakata kazi ikifika. Kwa wengine, daftari limejaa. Jamaa wa mwenye duka nao wamo kwenye hao wengine.

Mnatuma Pate, Siyu, Faza?

Kila siku boti zinapokwenda. Zinafuata maji, na bahari ikipwa mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri, kwa hiyo mzigo hauondoki kwa saa ya ofisi. Lete oda jana yake. Mombasa na Nairobi mzigo huenda kwa basi kutoka Mokowe. Mikeka mirefu tunaiviringisha na kuifunga gunia. Ukiwa unaruka kutoka Manda, uliza shirika lako kabla hujanunua wa mita tatu.

Mtanipa mfuko?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo tumeuza vikapu vingi zaidi. Lete chako. Ukisahau, tuna vya kuazima, na wewe tutakukumbuka.

## Yasiyo na mahali

Niliacha kofia itengenezwe mwaka juzi. Bado ipo?

Ipo. Hatuuzi mali ya mtu. Lakini tukishapiga simu mara kadhaa na simu haipokelewi, inatolewa kwenye kabati na kuwekwa sandukuni, na huko wanga wake utakuwa umekwisha. Utalipa kuitia upya.

Paka wenu alilalia uzi wangu.

Si wetu. Lamu paka ni wa mji mzima. Uzi wa akriliki ufue tu. Wa pamba upige upepo kwanza, nywele zitadondoka. Usimwachie achezee nyuzi fupi, akimeza zinamdhuru tumboni.

Punda amekula mdomo wa kikapu changu. Kinatengenezeka?

Mara nyingi, ndiyo. Tunafumua ukili ulioliwa, tunashonea mpya, na rangi haitafanana kabisa na ya zamani (sababu tazama swali la namba ya rangi, ni ileile). Chini pakiwa pametoboka, nunua kingine. Na tafadhali kioshe na kukianika kabla ya kukileta, mafundi wamelalamika.